Kuteremka Männlichen na goti linalouma

Dada wa Nyegezi, nimekuelewa: Julai unamtembelea mwanao Uswisi, naye anataka mshuke kwa miguu kutoka kituo cha magari ya kebo cha Männlichen hadi stesheni ya treni ya Kleine Scheidegg, na goti lako huuma ukiteremka ngazi. Nenda tu. Njia ni pana, mteremko wa taratibu, kama saa moja na nusu, mlima Eiger ukiwa mbele yenu.

Ila usidharau kuteremka. Kupanda hukata pumzi. Kuteremka hulielemea goti kila unapokanyaga. Anza sasa kufanya mazoezi jioni mlima wa Capri Point: hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, usitue kwa kishindo. Fimbo mbili zinasaidia kweli. Viatu vibaki na nafasi mbele ya vidole, la sivyo kucha zitaumia. Beba na sweta. Mnapoanzia ni juu ya mita 2,200, Mwanza yetu ni kama 1,140.

Goti likivimba, likikwama au likikuachia ghafla, muone daktari wa mifupa kabla hujasafiri. Siku yenyewe, ulizeni kituoni gari la kebo la mwisho ni saa ngapi. Goti likigoma mapema, rudini Männlichen mshuke kwa gari hilo la kebo.