Usizime mfumo wa zamani wa logi kabla hesabu hazijakubaliana

Kwa miaka sita seva zetu za kukatia tiketi za mabasi hapa Kampala zilirusha logi, yaani mistari ya kumbukumbu ya kila kilichotokea, kwa UDP, njia ya kutuma data kwenye mtandao. Abiria akifungua ukurasa, awe anatafuta basi la Arua au la Mbale, seva iliandika mstari mmoja na kuurusha kwenye mashine iliyouhifadhi katika faili. Mfumo mwepesi, na tuliupenda. Lakini kwa UDP mtumaji harudishiwi jibu. Pakiti, yaani kifurushi cha data, ikipotea njiani, hapati habari.

Mwaka jana tulihamia Kafka, programu inayopokea na kutunza mistari kama hiyo na inayoweza kumjibu mtumaji kwamba imepokea. Kama nawe unajiandaa kuhama, nakusihi jambo moja: iache mifumo yote miwili iende sambamba, na usizime wa zamani mpaka uweze kueleza kila tofauti ya hesabu ya mistari. Sisi tulipanga wiki moja, ikawa miezi miwili, na sijutii hata siku moja.

Siku ya kwanza hesabu zilipishana sana. Sababu moja ilikuwa saa tu. Faili la zamani lilikatwa usiku wa manane wa Kampala, na mfumo mpya ukafuata UTC, saa ya kimataifa, ambayo siku yake huanza saa tisa usiku kwetu. Basi linganisha saa kwa saa, usilinganishe siku kwa siku.

Tulipofanya hivyo, saa za usiku zilikubaliana. Ijumaa jioni, watu wanapokimbilia tiketi, mfumo wa zamani ulikuwa na mistari michache kuliko mpya. Wenzangu walidhani mpya unarudia mistari, nami nilishuku hivyo hivyo. Jibu lilitoka kwenye namba za mfululizo: kila seva huupa kila mstari namba inayopanda kwa moja. Namba zikianzia 1 na kuishia 5,000, nawe umehesabu mistari 4,700, basi 300 imepotea. Angalia tu kama seva iliwashwa upya katikati, maana namba huanza tena na utaona hasara isiyokuwepo.

Iliniuma. Mashine ya kupokea ya mfumo wa zamani ilizidiwa hasa pale wateja walipokuwa wengi, na Desemba, kila mtu anaporudi kijijini, ndiyo iliyopunjwa kuliko miezi yote. Kwa hesabu hizo tulikuwa tukiamua idadi ya seva za kununua.

Hata hivyo mfumo mpya nao usiuamini kwa macho. Jibu la Kafka likichelewa, mtumaji anaweza kutuma tena, na mstari ukaingia mara mbili. Tuliondoa marudio kwa kutazama jina la seva pamoja na namba yake. Kagua pia mpangilio wa acks, unaoamua mtumaji asubiri jibu la aina gani. Ukiwa 0, mtumaji hasubiri jibu lolote, na umerudi kulekule kwenye UDP kwa gharama kubwa zaidi. Tangu toleo la 3.0 chaguo la kawaida ni all, yaani kusubiri uthibitisho kamili, lakini mipangilio ya zamani hunakiliwa bila kusomwa.

Halafu tafuta wanaosoma faili la zamani. Kuuliza kwenye mkutano hakutoshi. Pitia crontab zote, yaani orodha za kazi ambazo kompyuta hujiendeshea kwa ratiba, kisha simamisha utumaji kwa saa moja mchana wa kazi na uwe karibu na simu. Sisi tulisimamisha Jumanne saa nne asubuhi. Saa haijaisha, mama mhasibu akafika mlangoni: "Mwanangu, faili langu liko wapi?" Alikuwa akikokotoa kamisheni za mawakala kutoka humo kwa miaka, na idara yetu nzima haikujua. Tulimtengenezea ripoti yake kwanza, ndipo tukaendelea.

Logi za zamani zenyewe tulikuta zimebeba namba za simu za abiria ndani ya anwani za kurasa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 hairuhusu kuhifadhi taarifa za watu kupita muda unaohitajika, kwa hiyo hatukuzihamisha. Tulibaki na jumla za kila siku, mistari yenyewe tukaifuta.

Siku ya kuzima, chora mstari wa wima kwenye kila grafu na uandike tarehe ya kuhama. Sisi tulichelewa siku tatu, na mwenzetu wa masoko alikuwa ameshaanza kuwaambia wenye mabasi kwamba wateja wameongezeka, kumbe ni mistari iliyokuwa ikipotea tu ndiyo sasa inahesabiwa.