Akili mnemba, umeme na tabianchi: tunajibu maswali yenu

Maswali manne ya wasomaji wa Mtwara na Lindi kuhusu programu zinazoandika na kuchora, na mchango wake katika kuongeza au kupunguza joto duniani.

Umeme wetu unatokana na gesi ya Mnazi Bay. Nikiuliza akili mnemba swali, nachoma gesi hiyo? (Mwalimu, Mikindani)

Kidogo sana, mwalimu: ile ya kuchaji simu na kuendesha mnara. Swali lenyewe hujibiwa na mitambo ya vituo vya data, yaani majengo yenye kompyuta nyingi, vingi vikiwa Marekani, Ulaya na Asia, ambako nako gesi na makaa ya mawe bado vinachomwa kwa wingi.

Agosti 2025 Google ilitangaza kuwa swali la kawaida la maandishi kwa Gemini, programu yake ya akili mnemba, hula wati-saa 0.24 na maji mililita 0.26, yaani matone matano hivi. Yuniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000, kwa hiyo inatosha maswali 4,000 na ushei. Kuchemsha lita moja ya maji kwa birika la umeme ni kama wati-saa 100, sawa na maswali 400. Ila hesabu hiyo ni ya kampuni yenyewe, na haijaingiza umeme uliotumika kuifundisha programu.

Kuchora ni mzigo mwingine kabisa. Utafiti wa 2023 wa kampuni ya akili mnemba ya Hugging Face na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ulikuta kutengeneza picha kunakula umeme mara 60 hivi ya kuandika matini, kwa wastani. Tangazo la kikao cha wazazi halihitaji picha ya kubuni. Piga ya shule yako.

Kampuni hizi si ziliahidi kupunguza hewa ukaa? (Lindi mjini)

Ziliahidi, zikarudi nyuma. Hadi 2023, hewa ukaa ya Google ilikuwa imepanda asilimia 48 kuliko 2019, na ya Microsoft asilimia 29 kuliko 2020. Sababu ni umeme wa vituo vya data pamoja na saruji, chuma na chipu za kuvijengea. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria vituo hivyo vilitumia asilimia 1.5 ya umeme wa dunia mwaka 2024, na kwamba matumizi yatazidi maradufu ifikapo 2030. Tatizo liko hapa, si kwenye swali lako moja, na kampuni zinapaswa kubanwa zitoe takwimu kamili.

Mvua hazieleweki na ubwiriunga, ugonjwa wa unga mweupe, unasumbua mikorosho yetu. Programu hizi zitanipa kalenda ya kupuliza salfa? (Mkulima, Newala)

Usizitegemee peke yake. Usipotaja mahali, unaweza kupewa kalenda ya India, ambako mikorosho huchanua miezi tofauti na yetu. Kosa baya zaidi ni la vipimo: programu huchanganya salfa ya unga, inayopulizwa kavu na kupimwa kwa kila mti, na ile ya kuchanganya na maji, inayopimwa kwa kila lita ya maji. Ukizidisha unapoteza fedha, na salfa nyingi mwaka hadi mwaka huongeza tindikali kwenye udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde.

Uliza hivi: “Niko Newala, Tanzania. Ni mwezi wa saba, mikorosho inachanua, maua yana unga mweupe. Nina salfa ya unga. Nipe hatua, na useme usipokuwa na uhakika.” Kisha linganisha jibu na maandishi ya kwenye mfuko, halafu umwone bwana shamba au uwaulize watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele, Mtwara. Kupuliza ni alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia.

Kwa mihogo kuna Nuru, programu ya simu ya PlantVillage. Inatambua magonjwa ya batobato na michirizi kahawia kwa kamera ya simu, kwa Kiswahili, hata bila intaneti. Hiyo ni akili mnemba ndogo isiyotunga maneno, na kwa kazi ya shamba tunaipendelea.

Naweza kuiuliza hali ya bahari ya kesho? (Mvuvi, Kilwa Masoko)

Hapana. Programu ya maongezi inaweza kukutungia upepo usiokuwepo. Utabiri wa hali ya hewa wa akili mnemba ni mtambo tofauti: kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kilianza kutumia wa kwake, AIFS, Februari 2025, na kinasema kuandaa utabiri kunatumia nishati pungufu takriban mara 1,000 kuliko njia ya zamani. Hiyo ni faida ya kweli kwa tabianchi. Lakini onyo la kuamua safari ni la TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kama lilivyotolewa kwa kimbunga Hidaya Mei 2024. Soma taarifa yao ya bahari, hakiki tarehe na saa ya kutolewa, na onyo likiwepo boti isitoke.