Sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba: kabla hujaota mamilioni

Mkuu uliyeweka picha ya sarafu uliyopewa na bibi yako wa Lamu, nimeikuza mpaka simu ikaganda. Umesema kuna mtu kakwambia ni ya enzi ya Ming, utawala wa China uliotangulia Qing, na akakutajia mamilioni. Si ya Ming. Igeuze nyuma: yale maandishi mawili yaliyosimama kama viwavi, moja kila upande wa tundu, ni Kimanchu, na Wamanchu ndio waliotawala enzi ya Qing, 1644 hadi 1912. Mbele soma juu, chini, kulia, kisha kushoto: 乾隆通寶, Qianlong Tongbao. Mfalme Qianlong alitawala toka 1735 hadi 1796, na sarafu zake zilitengenezwa kwa wingi kupita kiasi. Hata ikiwa halisi kabisa, ile ya kawaida bei yake ni chai na chapati.

Mimi nilipigwa Guangzhou, huko China. Nilifuata mzigo wa viatu, jioni nikamkuta mzee katandaza vitu vyake chini, nikanunua dola ya fedha yenye kichwa cha Yuan Shikai, rais wa China baada ya Qing kuanguka, ya mwaka wa 3 wa Jamhuri ya China, yaani 1914. Niliporudi nikampelekea sonara. Hata historia hakutaka kusikia. Akaiweka kwenye mizani: gramu 21, wakati halisi inakaribia 27. Akasogeza sumaku, ikaing'ang'ania. Tangu lini fedha ikashikwa na sumaku? Baadaye nikajifunza kuhesabu herufi zilizo juu ya kichwa: ya mwaka wa 3 huwa nazo 6, za mwaka wa 8, 9 na 10 huwa nazo 7. Yangu iliandikwa mwaka wa 3 na ilikuwa na 7! Fundi alikuwa na haraka zake.

Kwa hizi za tundu mizani haikufikishi mbali, maana hata zilizo halisi hupishana uzito. Angalia ukingo. Zilisubiwa kwenye kalibu za mchanga, zikatoka zimeshikana kama matawi ya mti, zikakatwa moja moja, kisha zikatungwa kwenye fimbo ya mraba na kupigwa tupa kwa pamoja. Kwa hiyo tafuta mikwaruzo ya tupa. Ukiona mshono mwembamba umezunguka katikati ya ukingo, au herufi zimelegea kama sabuni iliyolowa, hiyo ni ya juzi.

Kuhusu ule ukijani ulio juu ya sarafu yako, chovya pamba kwenye asetoni, kile kiyeyusho cha rangi, uguse kidogo. Rangi ikiyeyuka, ilipakwa. Ila usije ukaisugua kwa ndimu na majivu kama sinia la shaba; nimeharibu mbili kwa ujuaji huo.

Nadhani aliyekutajia Ming kachanganya na ile iliyofukuliwa kisiwani Manda, hapo hapo jirani na kwenu, ikatangazwa 2013. Ile ni Yongle Tongbao, ya mfalme Yongle wa Ming, ya mwanzoni mwa miaka ya 1400, na kwa kawaida sarafu za Yongle nyuma ni tupu. Wataalamu waliichangamkia kwa sababu waliitoa wenyewe ardhini, wakajua ilikuwa wapi na imelala na nini.

Kwa hiyo muulize bibi aliipata wapi. Akisema ilitoka shambani au pwani, wapitie watu wa Makumbusho ya Lamu kabla hamjachimba kutafuta nyingine. Na rudi na picha ya ukingo, hukuiweka.