Ubao wa Magurudumu Barabarani: Maswali na Majibu

Swali: Je, sheria inaruhusu kuendesha skeitibodi, yaani ubao wa magurudumu, barabarani?

Swali hili hunifikia kila mara likiwa tupu hivi hivi, bila kutaja nchi, mji wala aina ya barabara, na kwa hali hiyo halijibiki. Sheria za barabarani huanza kwa kumpanga mpitaji katika kundi lake: ama ni mwenda kwa miguu, ama ni mwendesha chombo, ama ni mtu anayecheza mahali pasipo pa kuchezea. Haki zako na wajibu wako vyote hutokana na kundi hilo. Nchini Ujerumani, kifungu cha 24 cha kanuni za barabarani hukiondoa katika orodha ya vyombo kila kifaa kisicho na mota cha jamii ya viatu vya magurudumu, na mtumiaji wake hufuata kanuni za waenda kwa miguu. Kwa hiyo mahali pake ni njia yao, si katikati ya lami. Kanuni za pamoja za Australia zimeviundia vifaa hivi kundi la peke yake, ambalo huruhusiwa barabarani mchana tu, tena pale pasipo na mstari wa katikati na ambapo mwendo wa juu hauzidi kilomita 50 kwa saa, ingawa majimbo yana nafasi ya kurekebisha hapa na pale. Katika jimbo la California, kifungu cha 21967 cha sheria ya magari huziachia mamlaka za mitaa uwezo wa kuzuia ubao au kuuwekea masharti, na ndiyo maana mtu huweza kutoka mji mmoja akiwa halali na kuingia wa pili akiwa mkosaji, bila kugusa breki ambayo hana. Norway ilikwenda mbali zaidi: kuanzia 1978 hadi 1989 ilipiga marufuku ubao wenyewe.

Tafuteni basi sheria ndogo za halmashauri zenu kabla ya kuniandikia. Wengi husoma sheria kuu, wakaridhika, kisha wakashangaa kuandikiwa faini.

Swali: Sheria ya kwetu haitaji ubao popote. Si nina uhuru kamili?

Huna. Sheria isiyoutaja ubao kwa jina huwa na maneno mapana ya kutosha kukunasa. Japani, kifungu cha 76 cha Sheria ya Barabara hukataza kucheza mpira, kuteleza kwa viatu vya magurudumu "au vitendo vya namna hiyo" katika barabara yenye magari mengi, na faini yake hufika yeni 50,000. Ni wapi magari yanaanza kuwa mengi? Anayeamua papo hapo ni askari aliyesimama mbele yako. Uingereza bado inatumia sheria ya barabara ya mwaka 1835, ambayo kifungu chake cha 72 huzuia kuendesha magari ya aina yoyote kwenye njia ya waenda kwa miguu iliyo kando ya barabara. Walioiandika hawakuuona ubao hata kwa ndoto, na kama unaingia humo au hauingii ni jambo la kubishaniwa.

Mimi huu nauita uvivu wa watunga sheria. Mchezo huu uliingia katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, na mojawapo ya mashindano yake huitwa "street", yaani mtaani, ilhali mtaani penyewe mchezaji hawezi kujua kwa yakini kama anavunja sheria au la. Anayetaka kuzuia na azuie kwa maneno yanayoeleweka, na aonyeshe mahali panaporuhusiwa. Hata hivyo, ubovu wa sheria haukupi ruhusa ya kuipuuza, na hoja hiyo ipelekeni kwa madiwani badala ya kumpigia kelele askari.

Swali: Nikidandia nyuma ya lori kupanda mlima, kosa liko wapi?

Ni kosa Uingereza (kifungu cha 26 cha Sheria ya Barabara ya 1988), ni kosa New York (kifungu cha 1233 cha sheria ya magari ya jimbo hilo), ni kosa Australia. Dereva hakuoni kwenye kioo, na akifunga breki wewe huna cha kufunga. Sitalijibu tena.

Swali: Gari likinigonga, nitalipwa fidia hata kama sikutakiwa kuwa barabarani?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoletwa, na watu wawili huliharibu: dereva anayedhani kwamba mwendesha ubao aliye mahali pasiporuhusiwa hana haki yoyote, na mwendesha ubao anayedhani kwamba mwenye gari ndiye mwenye kosa siku zote. Wajibu wa dereva wa kuwa mwangalifu hauondoki kwa sababu wewe umekosea. Katika nchi nyingi, mahakama hupima uzembe wa kila upande na kuipunguza fidia kwa kadiri ya mchango wako katika ajali. Uingereza imefanya hivyo tangu sheria ya mwaka 1945. Wasomaji walio Marekani, hata hivyo, wawe macho: Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia bado zinashikilia kanuni ya zamani ambayo kwayo uzembe wako, hata uwe mdogo, huweza kukunyima fidia yote. Ufaransa imeelekea upande wa pili kabisa. Kwa sheria ya Julai 5, 1985, majeruhi ambaye si dereva wa chombo cha moto hulipwa kwa madhara ya mwili isipokuwa kosa lake liwe lisilosameheka na liwe ndicho chanzo pekee cha ajali, na walio chini ya miaka 16 hulindwa hata zaidi.

Kwa vyovyote vile, anayeshinda ni mwenye ushahidi. Kabla gari halijasogezwa, pigeni picha ya mahali lilipo, alama za matairi, taa na mstari wa barabara, na mchukue namba za simu za mashahidi. Ubao uliovunjika msiutupe.

Swali: Kofia ngumu ni lazima hadi umri gani?

California ni kwa walio chini ya miaka 18, jimbo la New York ni kwa walio chini ya 14. Anayeuliza ili aivue siku ya kuzaliwa kwake amelielewa swali vibaya, kwa sababu lami haiulizi umri.

Swali: Ubao wangu una mota ndogo tu. Si bado ni ubao?

Kwa macho ya sheria, mara nyingi umekwisha kuwa kitu kingine. Uingereza huuhesabu kuwa chombo cha moto, nao hauruhusiwi barabarani wala kwenye njia za waenda kwa miguu za umma. California iliuhalalisha kuanzia 2016 kwa masharti: mwendeshaji awe na miaka 16 au zaidi, avae kofia ngumu bila kujali umri, na asizidi maili 15 kwa saa, yaani kilomita 24 hivi. Ufaransa imeweka kikomo cha kilomita 25 kwa saa, ikavifukuza vyombo hivyo kutoka njia za waenda kwa miguu, na mwaka 2023 ikapandisha umri wa chini kutoka miaka 12 hadi 14. Angalieni pia ile fidia ya Ufaransa niliyoieleza juu: kinga yake kubwa ni ya asiye dereva, na mwenye mota huhesabiwa dereva anayepaswa kuwa na bima. Muuzaji hatakwambia haya, kwa kuwa kazi yake ni kuuza.

Swali: Nikiruhusiwa barabarani, nikae pembeni kabisa?

Pembeni, lakini si pembeni kabisa. Kokoto, mchanga na vipande vya chupa husukumwa na matairi hadi ukingoni, na gurudumu gumu la milimita 52 likikutana na kokoto moja husimama ghafla, ubao hubaki nyuma, nawe hurushwa mbele, mara nyingi upande wa magari. Mwenye safari ndefu na atumie magurudumu makubwa na laini zaidi. Usiku, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, hata pale sheria inaponyamaza.

Swali: Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, magari yananipisha mimi kwanza?

Pale unapohesabiwa mwenda kwa miguu, hoja hiyo unayo. Lakini dereva hutazama kando akimtafuta mtu anayetembea. Kwa kilomita 20 kwa saa, wewe hupita zaidi ya mita 5 kila sekunde, kwa hiyo aliyetazama sekunde 2 zilizopita aliona kando tupu na hakukosea, na wakili wa bima yake ataisema hesabu hiyo mahakamani. Shukeni kabla ya kivuko, mshike ubao mkononi, mvuke kwa miguu.