Maswali yenu: vigae vya kuchorwa kwa mkono na paneli za bustani

Safari hii maswali mengi ni ya udongo na brashi. Watu wana michoro yao wenyewe kwenye madaftari, wanataka ikae ukutani au bustanini. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema, maana kazi hii ndiyo inayoniamsha asubuhi. Naanza na lililojirudia zaidi.

Nachora ndege na majani kwa penseli, watu wanasifu. Nikihamishia kwenye vigae picha inaharibika. Nakosea wapi? (Msomaji, Jinja)

Ndugu yangu, huenda mkono wako hauna kosa lolote. Karatasi haina viungo. Ukuta wa vigae una kiungo kila baada ya sentimita 15 hivi, na kila kiungo ni mstari ambao hukuuchora wewe. Paneli yangu kubwa ya kwanza ilikuwa ya korongo taji, ndege wa bendera yetu. Nilimchora kwa subira: unywele mmoja mmoja wa taji, kile kipande chekundu kinachoning'inia kooni. Nilipovipanga vigae baada ya kuchoma, kiungo kimoja kilikuwa kimepita katikati ya jicho, na kingine kimefuatana na mguu aliosimamia, mguu ukaonekana umevunjika. Mteja hakusema neno. Mimi nilikuwa nimeshaona, nikairudia yote.

Tangu siku ile napiga miraba kwanza, ndipo nachora. Jicho na ncha ya mdomo vikae ndani ya kigae, mbali na ukingo. Mguu au shina jembamba likikutana na kiungo, likivuke kwa kukikata, lisitembee nacho bega kwa bega.

Halafu kuna kusinyaa. Udongo ukikauka na kuchomwa hupungua, mara nyingi kwa asilimia 8 hadi 12, na kila udongo una tabia yake. Fanya kipande kirefu cha udongo mbichi, chora juu yake mstari wa sentimita 10, kichome, pima tena. Ukikuta sentimita 9, umepoteza asilimia 10; basi kigae unachotaka kiwe na sentimita 15 kikate sentimita 16.7, na mchoro wako uukuze kwa kiasi hichohicho.

Kuhamisha ni rahisi. Toboa mistari ya mchoro kwa sindano, tandaza karatasi juu ya kigae, pigapiga kwa kitambaa kilichofungwa unga wa mkaa. Vinabaki vitone vyeusi, unaviunganisha kwa brashi. Mkaa utateketea wenyewe tanurini. Na mistari yako inenepeshe. Glezi, ule utando wa kioo wa juu, ikiyeyuka husogeza rangi kidogo, na kivuli laini cha penseli hakistahimili hilo.

Vigae vyangu vinajikunja pembe kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. (Msomaji, Busia)

Dada, upande wa juu unakauka kabla ya wa chini, kwa hiyo unavutwa juu. Vikaushe taratibu kivulini katikati ya mbao mbili bapa zenye magazeti, uvigeuze kila siku. Ukiusukuma udongo, usielekee upande mmoja tu. Geuza na usukume tena. Na usikinyanyue kigae kibichi kwa pembe hata mara moja. Unaweza kukinyoosha kikaonekana sawa, lakini udongo una kumbukumbu: moto ukiingia, pembe ile hurudi ulikoiinua. Changanya pia tofali lililochomwa na kusagwa, kama sehemu moja kwa nne za udongo. Chenga zile haziwezi kusinyaa tena, ndizo zinazozuia kigae kizima kuvutana.

Udongo mzuri unapatikana wapi? (Msomaji, Arua)

Karibu zaidi ya unavyodhani. Wengi hutaja Kajjansi, njia ya Entebbe, ambako kiwanda cha matofali na vigae vya paa kipo tangu 1950, au kaolini, ule udongo mweupe wa ufinyanzi, ya Mutaka kule magharibi. Lakini kutoka Arua gharama ya lori peke yake itakumaliza. Waendee akina mama wafinyanzi wa huko kwenu, uwaulize wanachimba wapi, na uwalipe kwa elimu hiyo. Chukua kidogo, kiloweshe, kifanye kamba yenye unene wa kidole kidogo na uizungushe kidoleni. Ikijipinda bila kupasuka, una udongo wa kufanyia kazi. Ikipasuka ovyo, ina mchanga mwingi. Chimbo likiwa kwenye kinamasi, ulizia kibali kwanza. Vinamasi vinalindwa na sheria, na samaki na maji ya kunywa ya jirani yako vinategemea hapohapo.

Nataka paneli ya kuweka bustanini, karibu na bwawa la samaki. Itahimili mvua za Entebbe? (Msomaji, Entebbe)

Itahimili, na utafurahia. Wafinyanzi wa nchi za baridi huhangaika na barafu: maji huingia kwenye kigae, yanaganda, yanatanuka, kigae kinachanika. Sisi hapa, ukiacha vilele vya Rwenzori, adui huyo hatunaye. Wa kwetu ni ukungu wa kijani, na lile tope jekundu linaloruka mvua ikipiga ardhi. Kwa hiyo inua ukingo wa chini wa paneli nusu mita kutoka ardhini na umwage kokoto mbele yake. Choma udongo hadi ukaze kadiri unavyovumilia bila kulainika. Ukidondoshea tone la maji mgongoni mwa kigae nalo likanyonywa papo hapo, ujue kingali kinakunywa maji; hicho kipeleke jikoni, usikiweke bwawani.

Ziba mgongo wote kwa gundi ya saruji, usiache mifuko mitupu ya maji kukaa. Na acha nafasi ya milimita 3 kati ya vigae, maana ukuta wenye jua la mchana na mvua ya jioni hutanuka na kunywea.

Kuhusu rangi usiwe na wasiwasi. Buluu ya kobalti, kijani cha shaba, hudhurungi ya chuma: zikishachomwa chini ya glezi jua haliziwezi. Watu wa mwambao walilijua hili zamani. Nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui zilipachikwa bakuli za Kichina, na kuba za msikiti mkuu wa Kilwa zilipambwa kwa bakuli vilevile. Vipande vilivyosalimika na mikono ya watu vimekaa karne nyingi katika hewa ya chumvi, na buluu bado ni buluu.

Naweza kupaka rangi ya mafuta ya nyumba juu ya vigae vya dukani? (Msomaji, Fort Portal)

Ndani, mahali pakavu, kwa muda. Nje itabanduka. Usimuuzie mtu hiyo kama kauri, yaani kazi ya udongo uliochomwa.

Nikipata picha nzuri kwenye intaneti, naweza kuitumia? (Msomaji, Mbale)

Hapana, mpaka mwenyewe aruhusu. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya 2006, na mchoro unalindwa tangu unapochorwa, hata kama haukusajiliwa. Mimi yamenikuta: niliingia hoteli moja nikaukuta ukuta mzima wa ua langu la mgomba, limenakiliwa hadi kosa nililolifanya kwenye jani la kushoto. Iliniuma sana. Kwa hiyo weka tarehe kwenye michoro yako, na tunza ile ya mwanzo yenye kufutwafutwa.

Kisha toka nje ukae mbele ya huo mgomba mwenyewe. Lile ganda la zambarau likijiinua, chini yake kuna safu ya vimaua vya manjano vimebanana, na nyuki hawakosekani. Kila ganda hujiinua kwa pembe yake. Hutakuta migomba miwili inayofanana, basi picha ya mtu ya nini?

Sina tanuri. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Kampala)

Mwanangu, Makerere na Kyambogo wanafundisha kauri na wana matanuri. Nenda ukaulize kwa adabu kama wanaweza kukuchomea kwa malipo. Ukiwa mbali na chuo, wachoma matofali watakuwekea vigae visivyo na glezi katikati ya rundo lao. Vikauke kabisa kwanza: kigae kikiwa baridi ukikigusisha shavuni, bado kina maji. Mwambie mwenye moto aanze polepole kwa saa kadhaa. Mkisikia mlio wa kupasuka ndani, apunguze kuni hapohapo. Wala msifungue mpaka uweze kukishika kigae kwa mkono mtupu.