Mama wa Kambo na Doti ya Kanga

Mwaka juzi nilijiunga na darasa la jioni la uandishi wa hadithi. Zoezi la pili lilitaka tuandike hadithi ya mapenzi, ya upelelezi au ya majini, na tutumie kwa makusudi visa ambavyo kila mtu anavijua. Baadhi yetu tulinuna. Tulikuja kuandika riwaya dhati, zile nzito za kufikirisha, na huyu mwalimu anaturudisha kwenye riwaya pendwa, za kujiburudisha tu!

Mimi nikamchukua mama wa kambo. Kurasa sita: yatima anafagia, anachota maji, analala njaa, mwishowe yule mama anaumbuka. Nilipoisoma kwa sauti, kufikia ukurasa wa pili wenzangu walikuwa wananimalizia sentensi. Walicheka, nami nikacheka kwa kujikaza.

Mwalimu hakuniambia nimwondoe mama wa kambo. Aliuliza tu, "Siku ya kwanza alipoingia nyumba ile, alikuta nini?" Sikuwa na jibu. Nilishamfanya katili hata kabla hajavua viatu.

Katika rasimu ya pili alikuta sanduku la marehemu, mama mzazi wa watoto. Ndani mna doti ya kanga ambayo marehemu hakuwahi kuikata, na watoto hulifungua sanduku jioni ili wainuse. Miezi inapita, mama wa kambo anajifungua, masika yanapiga wiki nzima, nepi hazikauki. Anachukua mkasi. Ukatili ni uleule, ila safari hii hakuna aliyecheka. Dada mmoja nyuma akaguna, "Mh, hata mimi ningekata."

Kwa hiyo ukipewa zoezi kama hili, usilikwepe kisa kilichozoeleka, na usikimbilie kukipindua. Mama wa kambo malaika naye amechoka. Darasani kwetu pekee walitokea watatu. Kiache kisa kilivyo, kisha utafute kile kitu kimoja cha ndani ya nyumba ile kinachomlazimisha mtu atende anachotenda.

Wazee wetu walilijua hili. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyotoka 1960, alimpa mpelelezi wake, Bwana Msa, kiko mdomoni na rafiki wa kufuatana naye, Najum, sawa na wapelelezi wa vitabu vya Kiingereza. Hakuona haya kuazima. Lakini maiti aliilaza kwenye mzimu, mahali pa kutambikia, na papo hapo hadithi ikawa ya watu wa huku, wenye hofu za huku.

Jambo jingine lililonisaidia ni karatasi. Soma hadithi yako hadi katikati, simama, kila mwenzako aandike anachodhani kinafuata. Wote wakipatia, usikate tamaa haraka. Msomaji wa mapenzi anataka ndoa ifungwe, na ukimnyima ili uonekane mjanja atahisi umemdhulumu. Asichotaka kukijua mapema ni nani atailipia ndoa hiyo, na kwa nini. Muuaji akikisiwa na darasa zima, hapo ndipo una kazi. (Majini sina la kusema. Niliandika moja, likawa linaongea kama karani wa benki.)

Nilidhani hadithi yangu imekwisha. Ikarudi na maneno matatu ya kalamu nyekundu pembeni: "Baba yuko wapi?"

Nikarudia kurasa zote. Baba alitajwa mara mbili, mara zote akiwa "safarini". Nikakumbuka ngano zote za mama wa kambo nilizosimuliwa na bibi, na sikuona hata moja ambayo baba aliulizwa chochote. Tangu hapo kila kisa cha kale nakipekua hivyo: nani kafichwa humu, na kufichwa kwake kunamfaa nani?

Sasa niko rasimu ya nne. Baba amerudi safari, amekaa barazani, na ameona vipande vya kanga vimeanikwa kwenye kamba. Bado hajasema kitu.