"Charge" si chaji peke yake

Salama mkuu. Umekwama kwenye "He was charged with theft", programu ya kutafsiri imekupa "alichajiwa na wizi". Hapo ni "alishtakiwa kwa wizi".

Mimi huangalia kwanza kinachofuata. Ikija "with" na kosa, ni kushtakiwa. "With" na kazi, ni kukabidhiwa jukumu. "For" na huduma, ni kutozwa. "In charge" ni msimamizi. Niliwahi kuandika muuguzi "anatoza wodi" badala ya anasimamia, mhariri akacheka hadi machozi. Na fahali aki-"charge", anakuvamia, kimbia!

Ila "accuse" usiifanye kisawe kamili. Hiyo ni kutuhumu, hata jirani anaweza. "Charge" ni mashtaka rasmi, ya polisi na waendesha mashtaka.